Bendera za Njano Kwenye Ukoka Wangu

Ndege alikuja kunywa maji kwenye karai langu la bustanini. Akanywa, akaruka, akaanguka.

Hakuanguka kama aliyepigwa jiwe. Alianguka kama mlevi. Akajaribu kusimama, mabawa yakatetemeka, akazungukazunguka pale kwenye nyasi, kisha akatulia.

Nilikuwa dirishani na kikombe cha kahawa. Nikatoka mbio na ndala zangu, lakini nilipomfikia alishakata roho.

Na hakuwa wa kwanza. Wiki hiyohiyo nilishaokota mwingine chini ya maua ya waridi.

Sasa sikia kilichonitia wazimu. Mtaa wetu wa Larkspur, hapa mjini Brackett, Ohio, kila mtu anapulizia dawa kwenye ukoka wake. Dawa ya magugu, dawa ya wadudu, dawa ya kuufanya uwe kijani mpaka uume macho. Nyumba pekee isiyopulizia kitu chochote ni yangu.

Kwa nini ndege waje kufia kwangu?

Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kujiuliza. Nikageuza shingo, nikautazama uzio wa jirani yangu, mzee Harlan Stutz.

"Mzee wewe," nikasema peke yangu, "upepo umeniletea uchafu wako tena."

Nikampiga picha yule ndege. Jioni picha ilikuwa mtandaoni, na watu wakaisambaza mpaka nikavimba kichwa.

Ngoja kwanza nijitambulishe, maana wengine mtaona huyu mama ana matatizo gani na majani ya watu.

Naitwa Noreen Babcock. Nafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Naishi na mume wangu Wendell, mtu mpole, fundi wa kupasha nyumba joto, asiyejua kugombana hata na kuku. Hatukujaliwa watoto.

Mtaani wananiita Mama Magugu. Wanadhani sijui.

Mambo yangu yalianza siku nilipomwona mfanyakazi wa kampuni moja ya kupulizia akifanya kazi kwenye nyumba ya pili kutoka kwangu. Buti za mpira mpaka magotini. Glavu. Miwani. Alipomaliza akachomeka kibendera cha njano, kile kinachosema msikanyage mpaka pakauke, akaondoka zake.

Jioni nikawaona watoto wanagalagala palepale. Kibendera walishakichomoa, wamekifanya goli.

Nikajiuliza, kama yule baba alihitaji buti mpaka magotini, hawa wenye magoti wazi je?

Basi. Sikulala tena. Nikaanza kugonga milango. Nikachapisha vipeperushi. Nikatengeneza vibao vyenye picha ya yule mdudu mwekundu wa madoa meusi, na maneno haya: UKOKA HUU HAUNA SUMU. MTOTO, VUA VIATU UCHEZE.

Cha kwanza nilikichomeka kwangu.

Mzee Harlan alikuja kukisoma, mikono kiunoni. Yeye ni mstaafu wa posta, na ukoka wake ni dini. Anaukata kwa mistari. Kingo anazimalizia na mkasi, amepiga magoti.

"Mama Magugu," akaniita hivyo usoni bila aibu, "hao watoto wakivua viatu wataona wapi pa kukanyaga? Huo ni msitu."

"Bora msitu, mzee. Zulia lako ungeliweka sebuleni, nje ukawaachia ndege."

"Ndege wanapenda kwangu."

"Wanapenda, ila hawafiki jioni."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Lakini moyoni nilikuwa simpendi, nisidanganye.

Jambo moja tu nampa haki yake. Kila akipulizia alichomeka bendera zake za njano pande zote, na hakuruhusu mtu kukanyaga. Hata mkewe, Bev. Hata mjukuu wake Tess, binti wa miaka mitano, aliyekuwa akishinda kwao wikendi.

Basi nikapeleka ombi halmashauri ya mji. Nilitaka waache kupulizia kwenye bustani ya mji na viwanja vya shule. Kura ikapangwa mwezi wa sita wa mwaka uliofuata.

Hapo ndipo ukoka wangu uliponiaibisha.

Vuli ile, kabla ya kura, ulikauka mapande mapande. Ukishika nyasi zinanyanyuka zenyewe, maana mizizi yote imeliwa. Chini yake mabuu meupe, manene, yamejikunja. Rakuni nao, wale wanyama wa usiku wanaochimbachimba, wakanusa chakula, wakawa wanaupindua ukoka usiku kucha.

Asubuhi pale kwangu palikuwa kama pamelimwa na trekta.

Watu wakapiga picha. Mjumbe mmoja wa halmashauri akazionyesha kikaoni: "Hivi ndivyo Bibi Babcock anavyotaka viwanja vya watoto wetu viwe?"

Ukumbi mzima kicheko.

Nilirudi nyumbani nikalia jikoni mpaka pua zikaziba. Wendell akanishika bega.

"Utapona huo ukoka, mke wangu. Usilie."

"Nimekwisha, Wendell. Kila nyumba nitakayoigonga watasema, angalia kwako."

"Nimesema utapona."

Sikukata tamaa. Nilinunua wale minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, wanaouzwa kwa ajili ya kazi hiyo. Unawachanganya na maji, unamwagia jioni udongo ukiwa umelowa, wanaingia chini kuwashambulia mabuu. Nikatandaza mboji. Palipokuwa na vipara nikamwaga mbegu za nyasi na za klova, ule mmea wa kutambaa wenye majani matatumatatu.

Halafu nikaenda Toledo kumuuguza dada yangu kwa siku kadhaa, nikamwachia Wendell nyumba.

Masika ilipofika, jamani! Kijani kitupu. Klova imechanua maua meupe, nyuki wanaimba. Hakuna buu hata la dawa.

Nikaingia kikaoni kifua mbele. "Minyoo, mboji na klova! Hakuna tone la sumu! Njooni muone wenyewe!"

Wakanipigia makofi. Wendell alikuwa nyuma kabisa, naye anapiga makofi, ila macho yake yako chini. Nikasema huyu mwanaume ana haya jamani, mpaka raha.

Ndipo mwezi wa nne wale ndege wakaanza kuanguka.

Twende sasa kwenye ile Jumamosi.

Siku chache kabla ya kura niliandaa Siku ya Pekupeku. Nilialika familia zote, watoto waje kwangu saa nane mchana, wavue viatu, wacheze. Kungekuwa na soseji za kuchoma na maji ya limau. Waandishi wa gazeti la mji walisema watakuja.

Asubuhi Wendell akanikuta mlangoni.

"Usitembee pekupeku huko nje," akasema. "Jana nilikuwa natengeneza uzio, nimemwaga misumari."

"Wendell! Leo? Watoto wanakuja!"

"Saa nane nitakuwa nimeiokota. Naenda kanisani kuazima viti, nikirudi naipitia na sumaku. Wewe vaa viatu tu."

Akaondoka na gari. Nikaona amekonda uso, nikajua ni mawazo ya kura.

Haikupita muda nikasikia sauti juu ya uzio.

"Noreen!" Mzee Harlan, na safari hiyo hakuanza na Mama Magugu. "Nimenyunyiza dawa ya magugu, ile ya unga, asubuhi hii, bendera ziko chini. Tess ananisumbua anataka kucheza nje. Anaweza kuja kwako?"

Wadau, nilitamani kurekodi.

"Rudia, mzee, sijasikia vizuri."

"Umesikia."

"Unataka kusema kwangu ni salama kuliko kwako?"

"Nataka kusema mtoto ananipigia kelele. Usinichoshe, Mama Magugu."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Tess akapita kwenye kigeti, ana sufuria yake ya kuchezea na kijiko. Akakitazama kibao, ingawa kusoma hajui.

"Anti Noreen, hapa ndipo tunavua viatu, eti?"

"Vua, mwanangu. Ila usifike kwenye uzio, kuna misumari. Cheza hapo katikati."

Akavua. Mimi nilibaki na viatu vyangu, nikaenda kutandaza vitambaa mezani.

Mtoto alikuwa anapika supu. Anachuma maua ya klova, anachana majani, anakoroga kwa mkono. Mara moja moja anachomoa petali za ua la klova, ananyonya ile ncha yenye utamu. Watoto wote wa hapa wanafanya hivyo, na wengi niliwafundisha mimi mwenyewe. Kwa wengine siwezi kuwaruhusu, niliwaambia, lakini kwangu nyonyeni mtakavyo.

"Anti Noreen, supu yako tayari!"

"Nakuja, mpishi."

Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, ameshika tumbo.

"Linauma?"

Akatapika.

Nikasema labda kifungua kinywa kimemkataa. Nikamfuta na aproni. Akatapika tena. Mate yakaanza kumtoka, mengi, yanashuka mpaka kifuani. Jasho linamtiririka kama kamwagiwa maji.

"Tess! Niangalie, mama!"

Akaniangalia. Mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa mpaka zimebaki kama ncha ya kalamu. Misuli ya mashavu inamchezacheza.

Nikapiga yowe ambalo sijawahi kulipiga maishani.

Harlan alivuka bendera zake mwenyewe, akavuka uzio, na umri wake ule sijui alivukaje. Nikapiga namba ya dharura. Yule dada wa kwenye simu akaniambia nimlaze ubavu, nimfute mdomo. Gari la wagonjwa lilipofika, mtoto alishaanza kupumua kwa kukoroma.

Njia nzima nilikuwa kwenye gari la Harlan nyuma ya ambulensi, na njia nzima nilikuwa naitazama mikono yake kwenye usukani. Kucha zake zilikuwa na vumbi la ile dawa.

Hasira ikaanza kupanda kutoka miguuni.

Hospitali wakamkata mtoto nguo, wakazifunga kwenye mfuko, wakamwosha mwili mzima. Sisi tukatolewa nje ya pazia.

Hapo ndipo nilipolipuka.

"Umefurahi? Ukoka wako umependeza?"

"Noreen..."

"Umempulizia mjukuu wako! Amekanyaga kwako kabla hajaja kwangu! Miaka yote nakwambia, unanicheka! Mama Magugu, Mama Magugu! Cheka sasa!"

Watu waliokaa pale wakageuka. Muuguzi akanionyesha kidole mdomoni. Sikujali.

Yule mzee mwenye mdomo mchafu alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaweka mikono yake usoni, kisha akaikumbuka ile mikono, akaiondoa haraka usoni na kuitazama.

"Nilimbeba mpaka kigetini," akasema. "Nilimbeba ili asikanyage. Kwa mikono hii."

Nitakuwa mkweli. Sikumwonea huruma. Nilihisi nimeshinda.

Daktari akatoka, mwanamke mfupi, ana haraka.

"Nani anajua mtoto alikuwa karibu na dawa gani?"

"Mimi," Harlan akainuka. "Nimemuua mimi. Mfuko uko kwenye gari."

Akaenda akarudi nao. Daktari akasoma nyuma ya mfuko, akapiga simu kwa wataalamu wa sumu, akawasomea tena. Akakata simu, kakunja uso.

"Hii ni ya magugu. Si kitu cha kuchezea, lakini haimfanyi mtoto hivi. Mboni kusinyaa, mate, jasho, misuli kucheza, hiyo ni dawa ya kuua wadudu, tena aina kali. Nimemwanzishia dawa ya kwanza. Kuna ya pili, lakini nataka kujua ni sumu gani hasa kabla sijampa. Alikuwa anacheza wapi?"

"Kwangu," nikasema. "Lakini kwangu hakuna kitu. Mimi ndiye ninayeongoza kampeni. Miaka sasa, hakuna hata tone."

"Una uhakika?"

"Dokta, nina kibao."

Akanitazama kama mtu anayetaka kusema kitu akakimeza. "Fikirini haraka," akasema. "Kupumua kwake hakunifurahishi."

Akarudi ndani. Kupitia pazia tukasikia mashine inalia na mtu anasema mfyonzeni mate tena.

Mlango wa nje ukafunguka. Wendell. Nilimpigia simu nikiwa njiani, akaja na suruali yenye vumbi la viti vya kanisani.

"Tess yuko wapi?"

"Ndani. Wanasema dawa ya wadudu. Wendell, haieleweki, mtoto hajatoka kwangu..."

"Alikuwa na viatu?"

"Nini?"

"Viatu, Noreen! Alikuwa amevaa viatu?"

"Alivua. Lakini hakufika kwenye uzio, nilimwambia kuna misumari..."

Wendell akashika ukuta.

"Hapakuwa na misumari," akasema.

Sikumwelewa. Naapa sikumwelewa.

"Dumu la baba," akasema. "Lile la stoo, nyuma ya rangi. Dawa yake ya mabuu. Mwaka jana ulipoenda Toledo nilipulizia. Aprili nikarudia. Jana ulipokuwa kazini nikaona mapande mengine yanaanza, na leo wageni wanakuja, na gazeti..."

"Wendell, nyamaza."

"Inatakiwa umwagie maji mengi iingie chini. Sikuwasha maji. Ningewasha ungeniuliza kwa nini. Nilidhani kufikia saa nane itakuwa imekauka."

Ndege. Minyoo yangu. Makofi ya kule kikaoni.

Ndege wangu walikuwa wanakufa kwa sababu walikuwa wanakula kwangu.

Harlan alikuwa amesimama katikati yetu. Nilijua atampiga. Ningekuwa yeye ningempiga. Akamshika Wendell kola, akamsukuma, lakini akamsukumia kwenye pazia.

"Mwambie daktari," akasema. "Jina la dawa. Sasa hivi."

Wendell akalitaja jina. Alilijua tangu utotoni, baba yake alikuwa akiisifu kila kiangazi. Akaeleza na kipimo, kwamba lebo ilishafutika, kwa hiyo alizidisha kidogo ili ifanye kazi.

Daktari aliposikia jina akapandisha nyusi. "Hiyo matumizi ya majumbani yalishapigwa marufuku zamani. Bado mnayo?"

"Ilikuwa ya baba," Wendell akasema, kama hilo ni jibu.

Pazia likafungwa.

Ndipo nikakumbuka. Nikatazama saa ya ukutani.

"Watoto," nikasema. "Saa nane. Wanakuja watoto wa mtaa mzima. Pale kwenye ukoka kuna kibao kinawaambia wavue viatu."

Harlan akatoa simu. Akampigia mkewe, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu.

"Bev. Nisikilize. Chomoa bendera zetu zote, zipeleke kwa Noreen. Zote. Zungusha ukoka mzima. Vaa buti zangu. Usimruhusu mtu, hata mbwa."

Bev akamuuliza kitu.

"Hapana, Bev. Siyo kwetu. Kwa Noreen."

Hayo maneno mawili ya mwisho nitayasikia mpaka nazikwa.

Tulikaa pale mchana mzima, watu watatu kwenye viti vya plastiki. Wendell alijaribu kunishika mkono nikautoa.

"Nilifanya kwa ajili yako," akanong'ona. "Ulikuwa unalia jikoni."

Hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kuipeleka hasira yangu.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama daktari alipotoka. Tukasimama wote kwa pamoja.

"Ile dawa ya pili imemkubali. Anapumua mwenyewe. Ameomba juisi, na anataka kujua nani amemkatia gauni lake."

Harlan akalia. Mimi nikataka kumkumbatia, akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi niliweka bendera, Noreen," akasema.

Nikaishusha mikono niliyokuwa nimeinyoosha.

Tulipofika nyumbani Bev alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya njia ya gari, buti za mumewe miguuni, ufagio mkononi kama askari. Alishawarudisha watu wote. Soseji zimeharibika mezani.

Na ukoka wangu, ule mzuri kuliko yote mtaani, umezungushiwa bendera za njano pande zote. Katikati yake kibao changu kimesimama: MTOTO, VUA VIATU UCHEZE.

Nikaingia na buti, nikakichomoa. Kiliingia ndani kweli, ilibidi nikivute kwa mikono miwili.

Siku ya kura nilikwenda. Dada yangu aliniambia nisiende, nitajidhalilisha. Nikapiga moyo konde nikaeleza yote, Wendell kakaa mbele safari hii, masikio yamemwiva.

Yule mjumbe mwenye picha akaniuliza, anatabasamu: "Kwa hiyo minyoo yako haifanyi kazi, Bibi Babcock?"

"Kwangu sijui," nikamjibu. "Mume wangu aliniharibia jaribio. Wengine wanasema inafanya, ukiwahi na ukilowesha udongo. Mimi sitadanganya tena kuhusu ukoka wangu."

Vicheko vikaanza kule nyuma. Nikajua kura imekufa.

Mzee Harlan akasimama.

"Huyu mama sijawahi kumpenda," akasema. Ukumbi ukalipuka. Akasubiri watulie. "Mimi nimefuata maelekezo maisha yangu yote. Nasoma mfuko, naweka bendera. Siku hiyo nilimwondoa mjukuu wangu kwangu kwa sababu ya dawa yangu, nikampeleka ng'ambo ya uzio, akaikuta nyingine. Sasa naomba mniambie. Mtoto wa mji huu ahamie wapi?"

Hakuna aliyecheka.

"Basi angalau bustani ya mji," akasema, akakaa.

Kura ilipita kwa tofauti ndogo. Ilipita hata hivyo.

Wiki zilizofuata mji ukatangaza siku ya kukusanya dawa za zamani. Mimi na Wendell tukapakia lile dumu, limefungwa kwenye ndoo, tukaenda. Nilikuwa nimevaa kofia na miwani nisijulikane.

Nilipofika pale nikabaki mdomo wazi. Foleni ya magari imezunguka kona. Na kila gari, nyuma, chini ya turubai au blanketi, kuna dumu. Kopo lenye kutu. Chupa isiyo na lebo. Dawa ya baba, dawa ya babu, ile nzuri ya zamani ambayo siku hizi hawauzi.

Yule mjumbe wa picha alikuwa magari mawili mbele yetu. Aliponiona akapandisha kioo.

Mzee Harlan naye alikuwepo. Alikuwa na madumu mawili.

"Ya kaka yangu," akasema bila kunitazama. "Nilisahau kama ninayo."

Yale ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu hospitali.

Kuhusu mimi na Wendell, mnataka kujua. Alilala chumba cha wageni mpaka theluji ikadondoka. Afisa kilimo alikuja akapima udongo, akatuambia tufanye nini, na Wendell akaung'oa ukoka wote kwa koleo, mwenyewe, mgongo unamuuma, nami sikumpelekea hata maji. Wiki za kwanza tu. Baadaye nilimpelekea.

Mwaka huu tumeanza upya. Udongo umepimwa tena, umepita. Klova nyingi, nyasi kidogo. Tunakata zikiwa ndefu, zijifunike zenyewe mizizi, na mabaki tunayaacha palepale yawe mbolea. Magugu yenye maua ya njano tunang'oa kwa kile kijiti chenye meno, tukichoka tunayaacha. Yanayoota kwenye nyufa za saruji tunayamwagia maji yanayochemka. Ukoka una mapengo. Unaweza kuucheka ukipita.

Mwezi uliopita Tess alisimama pale kigetini na sufuria yake. Viatu miguuni, kamba zimefungwa. Babu yake nyuma yake.

Mtoto akatazama nyasi. Akanitazama mimi. Hakuingia.

Nilitaka kumwambia karibu, hapa ni salama. Nikashindwa kulitamka hilo neno.

Wendell akaweka chini koleo lake. Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu, akavua soksi. Akashuka kwenye ukoka, akatembea mpaka katikati. Akachuma ua la klova, akalinyonya mbele yake, akatafuna na lililobaki. Akakaa chini, akasubiri.

Tess alimtazama muda mrefu sana. Kisha akamgeukia babu yake.

"Leo hapana," akasema.

"Sawa," Harlan akamjibu. "Leo hapana."

Wakarudi kwao. Wendell akabaki amekaa pale pekupeku, na mimi nikavua viatu vyangu nikaenda kukaa naye.

Wewe unayesoma hii, usinipe pole. Simama, nenda stoo kwako, sogeza makopo ya rangi uangalie nyuma. Ukikuta dumu usilimwage kwenye mtaro, usilifungue kunusa. Uliza mjini kwenu linapelekwa wapi.

Halafu ndipo umfuate jirani yako.

Kibao changu bado kiko ndani. Tess ndiye atakayekirudisha, siku atakayotaka.